Mwalimu anajua, ila hajapimwa

Kila dodoso la afya linapopita kwenye ofisi za walimu, majibu yakirudi husikika lawama ileile: walimu hawajui. Mmoja kaulizwa dalili za presha, kataja kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio. Mwingine kaulizwa chanzo cha kisukari, kajibu kula sukari nyingi. Alama zinakatwa, semina inapendekezwa.

Lawama hiyo haitoki hewani. Baada ya wazazi, ni watu wazima wachache wanaokaa na mtoto saa nyingi kama mwalimu wake. Mfikirie mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani mara tatu katika kipindi kimoja. Chupa ya maji haimtoki mkononi, na sare iliyomkaa vizuri mwanzoni mwa muhula sasa inampwaya. Asiyejua ataona mtoto anayekwepa hesabu. Anayejua ataona dalili za kisukari aina ya kwanza, na atataka apelekwe hospitali leo, si Jumatatu. Na yule ambaye tayari yuko kwenye insulini, dawa ya kushusha sukari ya damu, akianza kutetemeka na kulowa jasho, sukari yake imeshuka mno; anahitaji kitu cha sukari palepale, gramu 15 hivi, kisha apimwe tena sukari baada ya dakika 15. Kumwambia atembee peke yake hadi kwa mwalimu wa zamu ni kumhatarisha. Hapo kutojua kunaweza kuua, wala sioni cha kubishania.

Ila dodoso la kawaida halimuulizi mwalimu angefanya nini dakika ile. Linamtaka ataje vihatarishi: tumbaku, pombe, chumvi, unene, kutofanya mazoezi. Na hivyo anavitaja, maana vingine anavifundisha mwenyewe. Anapochemka ni kwenye dalili, na kosa hilo lina sababu yake. Ugonjwa tumezoea kuujua kwa maumivu, ilhali presha kwa kawaida haiumi. Hata neno lenyewe limeshatekwa na hasira: "Msinipandishe presha," mwalimu analiambia darasa lenye kelele. Basi aliye mpole na asiyekasirika ovyo hujiona kasalimika.

Tuziangalie takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kwa sababu kila mara husomwa nusunusu. Watu wazima wenye presha, wa umri wa miaka 30 hadi 79, walikadiriwa kuwa bilioni 1.28, na asilimia 46 kati yao hawakujua kuwa wanayo. Wenye kupenda semina huishia hapo: unaona, watu hawajui! Lakini hawajui nini? Mtu anaweza kujibu sawasawa kwamba presha haina dalili, apate alama zote, na bado asijue kuwa yake mwenyewe imefika 160 kwa 100. Jibu sahihi halimwambii chochote kuhusu mishipa yake. Kinachomwambia ni mpira ule unaofungwa mkononi na kujazwa upepo.

Kisha takwimu zilezile zinaendelea. Katika kila watu 100 wenye presha, 54 wanajua. Wanaotibiwa ni 42. Ambao presha yao imedhibitiwa ni 21 tu. Hizo ni hesabu za watu wote, si za walimu peke yao, lakini sioni sababu ya ofisi ya walimu kuwa kisiwa. Kutoka 54 hadi 21 wamepotea watu 33, na wote walikuwa wanajua! Kuna aliyeambiwa asidharau, akadharau, huyo yupo. Kuna pia aliyekosa dawa, aliyeziacha baada ya kujisikia nafuu, aliyepangiwa kliniki siku ya mitihani, na aliyeandikiwa dozi ndogo isiyoongezwa. Ukimrudisha huyo kwenye semina ya kutaja vihatarishi, atapata alama nzuri kuliko mwaka jana, na presha itabaki palepale.

Watetezi wa semina watasema hakuna aendaye kupimwa bila kwanza kuelimishwa. Ni kweli kwa kiasi fulani, na kwa upande wa watoto ningewaunga mkono hata kesho, alimradi semina yenyewe iwe ya vitendo: huyu kaanguka kifafa, unamlaza ubavu, humtii kijiko mdomoni, unatazama saa, zikipita dakika tano unaita msaada wa dharura. Lakini kwa afya ya mwalimu mwenyewe, nadhani semina hupendwa zaidi kwa kuwa ni rahisi. Inakwisha kwa siku moja na kuacha orodha ya mahudhurio. Kipimo kinaacha mgonjwa, na mgonjwa anataka ruhusa, dawa na mtu wa kumfuatilia kwa miaka.

Wala kupima kwenyewe si jambo la kupita tu. Ili namba iaminike, mtu anatakiwa atulie kwenye kiti dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono usawa wa moyo, bila kuongea, na asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, arudie siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Sasa mtazame mwalimu kengele ya mapumziko inapolia. Anaingia ofisini na rundo la madaftari kifuani, sauti imekauka kwa vipindi viwili mfululizo, wanafunzi wawili wanamfuata nyuma na swali, na hata kibofu hajakipa nafasi tangu asubuhi. Kipima presha kiko mezani, kimetolewa na mfadhili. Anakaa, anakunja mkono wa shati, anaanza kutulia. Dakika ya tatu, kengele inalia tena.