Maikrofoni ya Juu ya Kamera Inabebeshwa Lawama za Umbali

Anayeuliza leo anunue maikrofoni gani kwa ajili ya video zake atajibiwa karibu kila mahali kwamba aachane na ile ndefu ya kupachika juu ya kamera, yaani shotigani, achukue ya kubana kwenye nguo isiyotumia waya. Ushauri huo hautoki hewani, kwani wanaoutoa wengi wao wamewahi kurudi nyumbani na mahojiano yasiyosikika. Hata hivyo, umekuwa ukitolewa kwa jumla mno, na anayeumia ni mpiga video wa peke yake, ambaye mara nyingi ndiye hasa kifaa hicho kilitengenezewa.

Tuanze na wanaoipinga, kwa sababu hoja yao ni nzito. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Sauti inayoifikia maikrofoni iliyobanwa kifuani pa msemaji, sentimita 20 kutoka mdomoni, inaizidi ile inayoifikia maikrofoni ya juu ya kamera, umbali wa mita 2, kwa desibeli 20. Hakuna ubora wa kifaa unaoweza kufidia pengo hilo, kwa kuwa ukiongeza sauti kwenye kamera unaongeza pia kelele zote zilizomo. Aidha, wengi hununua shotigani wakiamini kwamba inavuta sauti ya mbali kama darubini inavyovuta sura, jambo ambalo halipo. Bomba lake lina matundu ubavuni ili sauti za pembeni ziingie kwa nyakati tofauti na kufutana, lakini kufutana huko huhitaji wimbi la sauti lililo fupi kuliko bomba lenyewe. Kwa mfano, RØDE VideoMic NTG, shotigani ya kampuni ya Australia, ina urefu wa sentimita 17 hivi, na wimbi la urefu huo ni la hezi 2000, yaani mitetemo 2000 kwa sekunde. Kwenye sauti nzito zilizo chini ya hapo, ambako ndiko unakoishi mngurumo wa jenereta na wa bodaboda, bomba halina msaada mkubwa. Kinachobaki ni uwezo wa kapsuli yenyewe, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa sauti, wa kusikia zaidi upande wa mbele.

Hadi hapo sina ubishi nao. Ninachopinga ni kuishia hapo, kwa maana hesabu ileile ya umbali ndiyo inayoitetea maikrofoni hii. Mtu anayejirekodi huku ameishika kamera kwa mkono ulionyooshwa yuko umbali wa sentimita 60 au zaidi kidogo. Mtu huyohuyo akiiweka kamera kwenye stendi na kurudi nyuma hadi mita 2.4, amejipunguzia desibeli 12, ilhali jenereta ya jirani inabaki na nguvu yake ileile. Maikrofoni haikubadilika, kilichobadilika ni hatua chache alizorudi. Sehemu kubwa ya malalamiko ninayoyasoma kuhusu kifaa hiki, yakichunguzwa, ni malalamiko kuhusu hatua hizo. Mlalamikaji husema amerekodi akiwa mbali ili mandhari yote yaonekane, kisha anahitimisha kwamba maikrofoni ni mbovu.

Tena maikrofoni ya nguo huzungumzwa kana kwamba kuibana ni jambo la sekunde moja lisilo na mjadala. Anayehoji wafanyabiashara sokoni anajua kwamba mama aliyekubali kusimama dakika mbili akiwa na wateja mbele yake hatakubali kirahisi kuguswa kifuani na mtu asiyemfahamu, na si adabu kumwomba. Akikubali, maikrofoni ikiwekwa chini ya mtandio au buibui inasugua kila anapogeuka, na mkwaruzo wa kitambaa ni vigumu kuuondoa baadaye. Nyingi za maikrofoni hizo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi nayo huyatumia, na mwili wa msemaji ukikinga njia mawimbi hudhoofika. Ile ya juu ya kamera haina ruhusa ya kuombwa wala kiungo cha kukatika. Ukimsogelea msemaji hadi nusu mita, umepata sauti ya kutumika, na yeye amebaki na heshima yake.

Kuna pia ujuzi wa kuitumia ambao wapingaji huuruka. Kapsuli ya aina hii haisikii vibaya zaidi nyuma kabisa, bali nyuma kwa pembeni, kwenye nyuzi 125 hivi kutoka mbele. Kwa hiyo mpiga video mwenye jenereta karibu humhamisha msemaji na kujihamisha mwenyewe, mpaka jenereta ikae nyuma ya bega la mpiga video, la kushoto au la kulia. Kisha hupunguza kiwango cha sauti cha kamera karibu na mwisho, na kuiacha maikrofoni ndiyo ipandishe sauti, kwa kuwa vikuza sauti vya ndani ya kamera nyingi huzalisha mvumo wa shhh vinapolazimishwa. VideoMic NTG ina kichujio cha hezi 75 na cha 150, vinavyopunguza sauti zilizo chini ya viwango hivyo. Cha pili hupunguza sana mngurumo wa barabara, ingawa sauti nzito ya kiume nayo hupungua uzito. Manyoya ya kuzuia upepo, kwa yeyote anayerekodi ufukweni au juu ya pikipiki, yahesabiwe kuwa sehemu ya bei.

Bado kuna mahali ambapo wapingaji wako sahihi bila masharti. Katika chumba chenye sakafu ya vigae na kuta tupu, mwangwi huingia kutoka kila upande, na bomba huufanya usikike wa ajabu zaidi. Hapo maikrofoni ya nguo ichukuliwe, au ya kuning'inizwa juu ya kichwa cha msemaji. Kwenye ukumbi wa harusi, mpiga video akiwa nyuma ya meza kumi, hotuba ya baba wa bibi harusi haitaokolewa na kitu chochote kilicho juu ya kamera. Amwendee fundi wa sauti mapema, kabla wageni hawajafika, amwombe waya kutoka kwenye mikisa, yaani mashine yake ya kuchanganyia sauti, na maikrofoni yake ibaki kunasa vigelegele na vicheko vya meza za karibu.