Kalinzi ni urithi, tuiandike

Watu wa Bukavu wakizungumzia urithi wa Bushi, nchi ya Bashi huku Kivu Kusini, Kongo, hutaja ngoma, mavazi na makao ya mwami (mfalme wa kimila). Sipingi. Ila kwangu urithi mkubwa wa vijiji vya Kabare na Walungu ni kalinzi, mapatano ya kimila ya kupewa ardhi ya kudumu, na huo ndio tunaouacha upotee.

Zamani mkulima alimpelekea mwami, au chifu aliye chini yake, ng'ombe mbele ya mashahidi, akapewa ardhi ya kudumu. Wanawe wakairithi, na wajukuu baada yao. Asiye na ng'ombe aliomba bwasa: kipande cha kulima kwa muda, kwa kulipa pombe ya ndizi, mazao au kazi. Mwenye bwasa alipanda maharagi, viazi vitamu, muhogo. Migomba na kahawa hakuruhusiwa, maana anayepanda kinachodumu anadai ardhi ya kudumu. Ndiyo sababu mzee wa kijijini akiulizwa shamba ni la nani, anaangalia migomba: nani aliipanda, nani anaitilia samadi na maganda ya jikoni. Ndizi zake zinatoa kasiksi (pombe ya ndizi) ya harusi, na chini yake kuna mateke (majimbi). Hiyo ni hati ya shamba, hata kama haina mhuri.

Haki haikuwa kamili. Mama zetu ndio wanaoshika jembe, lakini kalinzi ilipita kwa watoto wa kiume. Hilo silitetei hata kidogo.

Makaratasi ndiyo yaliyoivuruga kabisa. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, shirika la ardhi la wakoloni Wabelgiji, na walowezi wakagawiwa ardhi kubwa ya mashamba. Baada ya uhuru, sheria ya Julai 20, 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, ikaahidi kwamba haki za wanaoishi juu ya ardhi ya kimila zitapangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita, amri haikutoka. Katika pengo hilo, mtu wa mjini mwenye cheti anaweza kuishinda familia iliyozika wazee wake kati ya migomba. Na mji unazidi kupanda vilima vya Kabare, kiwanja baada ya kiwanja.

Ninachotaka ni kila kijiji kiwe na daftari la kalinzi: mipaka, majina ya walioshuhudia, na jina la mke kando ya la mume, pamoja na mabinti. Wazee wanaokumbuka ng'ombe gani alitolewa kwa kilima gani bado wapo, lakini wanapungua. Vijana wenye simu wawarekodi sasa, kwa Mashi, lugha yetu, bila kusubiri mradi wa mfadhili.

Nawe unayenunua kiwanja kijijini, usimalizane na muuzaji peke yake. Tafuta mama anayelima hapo kwa bwasa, umuulize amepanda nini, umwache avune. Maharagi ni miezi michache tu. Muhogo unaweza kuhitaji mwaka au zaidi, basi msubiri.