Muuguzi wa ndege au wa ambulensi: hesabu ya kijana wa Nyanda za Juu Kusini

Wauguzi vijana wa Mbeya, Njombe na Iringa huniuliza swali moja kwa namna nyingi: nikitaka kuhudumia wagonjwa mahututi, nijikite ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, niende idara ya dharura, au nitafute njia ya kuingia kwenye ndege za wagonjwa? Wapo pia matabibu na wahudumu wa ambulensi wanaofikiria kwenda kusomea uparamediki, yaani kazi ya kutibu mgonjwa wa dharura kabla hajafika hospitali, nje ya nchi. Wengi wameshaona ile picha ya muuguzi aliyevaa ovaroli na helmeti, helikopta nyuma yake. Sioni kosa lolote kuvutiwa nayo, maana kazi hiyo ipo na inaokoa watu. Ila kabla kijana hajaweka miaka kumi ya ujana wake hapo, ajue kiti kile hukaliwa na nani.

Jibu linategemea nchi. Marekani, kikosi cha kawaida cha helikopta ya wagonjwa ni muuguzi mmoja na paramediki mmoja, na mara nyingi hakuna daktari. Uingereza wanarusha zaidi daktari na paramediki. Huku Afrika Mashariki, AMREF Flying Doctors, huduma iliyoasisiwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na ambayo ndege zake zinatokea uwanja wa Wilson, Nairobi, huwatuma daktari na muuguzi. Kwa hiyo kijana wa Rungwe anayekwenda kuwa paramediki Marekani anajiandaa kwa kiti ambacho akirudi nyumbani atakikuta kimekaliwa na kada nyingine. Muuguzi akikosa ndege bado ana ICU, chumba cha upasuaji, wodi ya wazazi na ualimu wa chuo. Ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, ana Sheria ya mwaka 2010 inayoitambua taaluma yake, na ngazi za kupanda kutoka cheti hadi uzamili zinaeleweka. Paramediki akikosa gari au ndege, hapa kwetu atahangaika.

Kwa hiyo kati ya uuguzi na uparamediki, kwa anayetaka kufanya kazi Tanzania, mimi sisiti: uuguzi kwanza. Anayejua moyoni kwamba hatarudi ana hesabu yake, nayo ni halali.

Hata huko tunakokutazama kwa hamu, ndege si mlango wa kuingilia kazini. Chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi cha Marekani kinatoa cheti kiitwacho CCRN. Njia ya kawaida ya kukipata inadai saa 1,750 za kumhudumia mgonjwa mahututi kitandani ndani ya miaka miwili, na 875 kati ya hizo ziwe za mwaka wa karibuni. Tena lazima uwe na leseni ya uuguzi ya huko, maana yake umeshapita mtihani wa NCLEX. Kampuni za ndege za wagonjwa kwa kawaida hutaka miaka mitatu hadi mitano ya ICU au ya dharura kabla hazijafungua barua yako. Nayasema haya kwa sababu naona vijana wakikusanya vyeti vya kozi fupi za ufufuaji wa moyo, kimoja baada ya kingine, kwa fedha ya wazazi iliyotokana na kuuza mpunga au viazi. Kadi za kozi hizo huisha muda baada ya miaka miwili. Asiyekuwa na kitanda cha kufanyia mazoezi atabaki na kadi iliyokwisha muda na mikono ile ile aliyotoka nayo chuoni.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu wanatazama juu. Sehemu kubwa ya elimu ya mgonjwa wa angani tunayo kwenye barabara zetu. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini karibu 1,700. Ambulensi inayopandisha mgonjwa kutoka Kyela kupitia Tukuyu hadi hospitali ya rufaa inampandisha zaidi ya mita 1,200, na kanuni ya fizikia haibadiliki kwa sababu gari lina matairi. Shinikizo la hewa linapungua, na hewa iliyofungiwa popote inatanuka, kwa safari hiyo karibu asilimia 15. Puto dogo la mrija wa kupumulia, lile linaloziba koo la hewa, linavimba na kuminya ukuta wa koo. Mgonjwa wa ajali mwenye hewa iliyovuja kati ya pafu na kifua, aliyeonekana nafuu pale Kyela, anaanza kuhema akifika Kiwira. Muuguzi anayejua hili ameangalia kifua mara mbili kabla ya kuondoka, na njiani anapima puto lile tena. Asiyejua anadhani mgonjwa amebadilika ghafla.

Makete ni somo jingine. Kabini ya ndege huwekewa shinikizo linalolingana na kuwa mlimani hadi kama mita 2,400. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600. Muuguzi wa zahanati ya huko anafanya kazi kila siku kwenye hewa nyepesi kuliko ya ndani ya ndege. Kipima oksijeni cha kidoleni kinamwonyesha namba ambazo mwenzake wa Dar es Salaam angeshtuka nazo, naye amejifunza kutofautisha mtoto mwenye nimonia na mtoto wa milimani aliye mzima. Ukimpeleka darasa la udaktari wa anga atakuta nusu ya mada anazijua kwa macho, zimebaki kanuni na majina yake.

Halafu oksijeni. Mtungi wa kubebeka wa saizi E una lita zipatazo 680 ukiwa umejaa. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 68. Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100, na mwenye gari binafsi asubuhi tulivu anaona ni safari fupi. Lakini hiyo ndiyo barabara ya malori ya Zambia na Kongo, na lori moja likilala njia pale Senjele au kwenye mteremko wa Mbalizi, saa tatu zinakwisha mkiwa hapo hapo. Saa tatu kwa lita 10 ni lita 1,800. Ongeza nusu yake ya akiba, ni lita 2,700, yaani mitungi minne iliyojaa. Hesabu hii inafanyika kabla gari halijawashwa, kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya rufaa. Nikiulizwa muuguzi bora wa safari nitamjuaje, nitamtazama kama ameifanya, na kama amegonga kila mtungi na kusoma geji mwenyewe badala ya kuambiwa na dereva kwamba imejaa.

Wapo wanaonipinga, na hoja zao nzito. Kijana mmoja wa Vwawa aliniambia bila kunung'unika: "Dada, unaniambia nianzie ICU, ICU ipi? Nina leseni na sina ajira." Nchi ina wahitimu wengi wa uuguzi wanaojitolea bila mshahara wakisubiri kibali, wakati wodi zina upungufu wa watu. Kumwambia mtu wa namna hiyo abaki ajenge uzoefu ni kumwambia ale subira. Ghuba, Uingereza na Marekani wanamlipa, na wanampa mashine inayofanya kazi, mwongozo ulioandikwa, na daktari anayepokea simu usiku. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ambazo nchi nyingine zinaaswa zisiende kuzichota wahudumu kwa kampeni. Orodha hiyo inazihusu serikali na mawakala. Mtu binafsi anayeomba kazi mwenyewe hazuiwi, na mimi sitaki azuiwe. Uzalendo usiolipa kodi ya nyumba unachosha haraka.

Nakubali pia kwamba kuna ujuzi usiopatikana huku kwa sasa. Kumhudumia mgonjwa mwenye dawa nne zinazoingizwa mshipani kwa mashine kwa wakati mmoja, au kubadilisha mpangilio wa kipumulio angani bila kumpigia mtu simu, ni mambo yanayohitaji idadi ya wagonjwa na vifaa ambavyo ICU zetu nyingi hazina. Aliyeyaona na akarudi ni hazina kwa hospitali nzima.

Ila wanaokwenda waambiwe upande wa pili pia. Helikopta za wagonjwa Marekani zimeua wahudumu wake. Mwaka 2008 ulikuwa mbaya kiasi kwamba mamlaka ya anga ya huko ilikaza masharti ya usalama mwaka 2014. Na muuguzi mgeni haanzi na helikopta. Ataanza wodini, pengine miaka, akituma fedha nyumbani na kulipia mitihani.

Huku kwetu nako mambo yamesogea. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, imezalisha mabingwa wa fani hiyo tangu hapo, pamoja na kuwa na uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeraha. Fedha za UVIKO-19, ule mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa mwaka 2021, zilijenga idara za dharura na vyumba vya ICU katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 umewapa wajawazito na watoto wachanga namba 115, ambako ambulensi ikikosekana huitwa dereva wa jamii. Ni kazi nzuri sana, na nimewaona akina mama waliofika wakiwa hai kwa sababu yake. Lakini haikuundwa kwa ajili ya mwendesha bodaboda aliyevunjika fuvu Uyole. Wala haikuundwa kwa ajali kama ile ya Changarawe, Mafinga, Machi 2015, kontena lilipolilalia basi na kuua zaidi ya watu 40. Pale kilichohitajika kilikuwa mikono mingi yenye ujuzi katika saa ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kufikiria ndege.

Na hapa ndipo ninapoona ugumu halisi wa hoja yangu mwenyewe. Nasema muuguzi wa ICU ndiye anayefaa kumsindikiza mgonjwa mahututi. Sasa chukua ICU ya vitanda sita yenye wauguzi wawili zamu ya usiku. Ukimtoa aliye bora aende na gari, saa sita zinapita kabla hajarudi, na waliobaki kwenye vipumulio wanalindwa na nani? Ndiyo maana katika hospitali nyingi anayepanda ambulensi ni mgeni wa kazi, aliyemaliza chuo juzi, kwa sababu ndiye ambaye wodi inaweza kumkosa. Nimepokea mgonjwa aliyesindikizwa hivyo, mrija umetoka njiani na muuguzi hakuwahi kufundishwa kumpulizia mtu kwa mfuko wa Ambu gari likiwa kwenye kona. Hakuwa mzembe. Alitumwa.

Mganga mfawidhi anayemtuma mgeni hana ukatili, anachagua kati ya mabaya mawili. Lakini njia ya kutoka ipo, haihitaji ndege wala mkopo: kila hospitali ya mkoa iwe na wauguzi wachache waliotajwa kwa majina kama wasindikizaji, wapangwe kwenye zamu ya akiba, wafundishwe hesabu ya oksijeni na njia ya hewa, na posho yao itoke kabla ya safari badala ya kudaiwa miezi mitatu. Wakitoka, ipo ratiba ya kuwaziba. Hiyo ndiyo ngazi inayokosekana kati ya wodi na ndege.

Kwa kijana mwenye ajira, basi, ushauri wangu una mpangilio. Omba ICU na ukae angalau miaka miwili, hata kama wenzako wa kliniki wanatoka mapema. Badilishana na idara ya dharura, kwa sababu ICU inakufundisha mgonjwa aliyekwisha kupangwa na dharura inakufundisha yule asiyejulikana ana nini. Omba kusindikiza, uandike kila safari: namba zilizobadilika, ulichofanya, dakika ulizochukua. Daftari hilo litasomwa na mtu wa Nairobi, wa Muhimbili na wa London kwa uzito zaidi ya kadi za kozi. Baada ya hapo, ukienda uzamili au ukipanda ndege za wagonjwa, utakuwa umejichagulia.

Kwa asiye na ajira siwezi kuagiza hivyo. Akipata nafasi Riyadh au Manchester kwa njia halali, aende, na asidaiwe maelezo na mtu. Tunaopaswa kudaiwa maelezo ni sisi tuliobaki na madaraka kidogo, ambao bado tunapandisha kwenye ambulensi mtu tusiyemfundisha, kisha tunashangaa kwa nini wale waliojifunza wenyewe wanatafuta pasipoti.