Mfalme asiyeruhusiwa kusoma habari zake

Mwaka 1404 mfalme Taejong wa Joseon, ufalme wa kale wa Korea, alikwenda kuwinda. Akiwa juu ya farasi, upinde mkononi, alimfukuza paa, farasi akajikwaa, mfalme akaenda chini. Hakuumia. Alipoinuka aliangaza kushoto, akaangaza kulia, kisha akasema: mwandishi asijue. Sisi tunayajua haya leo kwa sababu mwandishi huyo, ambaye kazi yake ilikuwa kuweka kumbukumbu za mfalme, alijua. Aliandika kuanguka kwa mfalme, na akaandika pia lile agizo la kwamba asijue.

Kisa hiki huzunguka sana mitandaoni, hasa kwa wapenzi wa tamthilia za Kikorea, na mara nyingi hupewa maana moja tu: Korea ya kale ilikuwa na waandishi wasiomwogopa mfalme, kwa hiyo ilikuwa na historia ya kweli. Nakipenda kisa chenyewe. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo inayonikwama kooni.

Tuanze na utaratibu ulivyokuwa. Ufalme wa Joseon ulidumu tangu 1392 hadi 1910. Kumbukumbu zake rasmi huitwa Sillok, maana yake maandiko ya kweli, na zile zinazokubalika kuwa halali zinahesabu miaka 472 na wafalme 25, kuanzia Taejo hadi Cheoljong aliyefariki Januari 1864. Ni vitabu 888. Kazi ya kila siku ilifanywa na waandishi wanane, vijana waliofaulu mitihani ya serikali, wenye vyeo vya chini kabisa, daraja la saba hadi la tisa. Vyeo vilikuwa vidogo, lakini mlango ulikuwa mpana: waliingia kila kikao cha mfalme, wakaketi na brashi zao, wakaandika nani kasema nini na uso wake ulikuwaje. Waziri hakutakiwa kuonana na mfalme faragha. Mapema katika utawala wa huyo huyo Taejong, mwandishi mmoja, Min In-saeng, alizidisha bidii. Alimfuata mfalme mawindoni akiwa amejifunika uso, na akasikiliza kwa kujibanza nje ya chumba cha mfalme. Mwaka 1401 akapelekwa uhamishoni. Kwa hiyo hata ule uhuru wa waandishi ulikuwa na ukuta wake, na aliyeupanda alijua kilichokuwa upande wa pili.

Mfalme akishafariki, ndipo kazi kubwa ilipoanza. Ofisi ya muda iliundwa, rasimu zikakusanywa, zikiwemo zile ambazo waandishi walizificha majumbani mwao kwa miaka. Zilihaririwa mara tatu: rasimu ya kwanza, ya kati, kisha nakala safi. Nakala safi ikichapwa, rasimu zote zilibebwa hadi kijito kilicho kaskazini ya lango la Changuimun, Seoul, karibu na banda la Segeomjeong, zikaoshwa juu ya mwamba mpaka wino ukaisha. Karatasi ikarudishwa kutengenezwa upya. Wahariri wakafanyiwa karamu.

Moyo wa mfumo huu ni katazo moja: mfalme hasomi. Hasomi kinachoandikwa juu yake, wala kilichoandikwa juu ya baba yake. Sejong, yule aliyewapa Wakorea herufi zao na anayeheshimiwa kuliko wafalme wote, alitaka kusoma kumbukumbu za Taejong, baba yake, mwaka 1431. Waziri Maeng Sa-seong akamkatalia. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu: ukisoma wewe, atakayekuja baada yako atasoma naye, na mwandishi akijua atasomwa ataandika kwa woga. Sejong akanyamaza. Mwaka 1438 akaomba tena, akakataliwa tena.

Sisi tuliozoea vitabu vya sifa vinavyozinduliwa mhusika akiwa meza kuu, tuna kila sababu ya kuvutiwa na jambo hili. Mfalme mwenye uwezo wa kukata kichwa cha mtu anaambiwa "hapana" na waziri wake, na anatii. Tena si mfalme mmoja. Desturi hiyo ilishikwa kwa karne nyingi, ikashinda tamaa ya watu ambao hawakuzoea kushindwa. Yeonsangun, mmoja wa wafalme wabaya kuliko wote katika simulizi za Kikorea, ananukuliwa akikiri kwamba anachoogopa mtawala ni historia tu. Kauli kama hiyo kutoka kinywani kwa mtu kama yule ni ushahidi kwamba utaratibu ulikuwa na meno.

Lakini ni Yeonsangun huyo huyo anayetuonyesha mahali ukuta ulipokuwa na ufa. Mwaka 1498, wakati kumbukumbu za baba yake Seongjong zikihaririwa, rasimu za mwandishi kijana Kim Il-son zilimfikia Yi Geuk-don, mmoja wa wakuu wa uhariri. Humo Yi Geuk-don alikuta habari zake mwenyewe, na hazikuwa nzuri: inasimuliwa alitajwa kustarehe na wanawake wa burudani wakati wa msiba wa malkia. Alikuta pia maombolezo ya mfalme mmoja wa kale wa Uchina aliyeuawa na mtu wake, yaliyotungwa na mwalimu wa Kim Il-son, Kim Jong-jik. Kila mwenye akili alielewa kwamba anayesemwa si Mchina. Ni Sejo, babu mkuu wa Yeonsangun, aliyemnyang'anya kiti mtoto wa kaka yake mwaka 1455. Habari zikamfikia mfalme kupitia afisa mwingine, Yu Ja-gwang. Mfalme akadai rasimu. Mawaziri walimpa dondoo, wakidhani wamepunguza hatari. Kim Il-son akauawa. Mwalimu wake, aliyekuwa amekwisha kufa, akafukuliwa kaburini akakatwa kichwa.

Angalia vizuri siri ilivujia wapi. Mfalme hakuvunja mlango. Alifunguliwa kutoka ndani, na mhariri aliyekuwa na kisasi chake. Wanaousifu mfumo huu hutazama mlango wa mbele, ule wa mfalme, ambao kweli ulikuwa na komeo. Mlango wa nyuma ulikuwa wa wahariri wenyewe, na wahariri hawakushuka kutoka mbinguni. Walikuwa wanasiasa, wenye makundi, wenye wakwe na maadui.

Hapa ndipo wakosoaji wanapopata nguvu, na hoja yao naikubali kwa sehemu kubwa. Kuanzia mwisho wa karne ya 16, siasa za Joseon ziligawanyika katika makambi yaliyoitana kwa pande za dira: Mashariki, Magharibi, Kusini, Kaskazini. Kumbukumbu za mfalme Seonjo zilikamilishwa mwaka 1616, kambi ya Kaskazini ikiwa juu. Wasomi wakubwa wa Magharibi, akiwemo Yi I, anayejulikana zaidi kwa jina la Yulgok, walipakwa matope humo. Mwaka 1623 Magharibi wakapindua utawala, na haikuchukua muda wakaanza kusema kumbukumbu zile ni za uongo, ziandikwe upya. Toleo la masahihisho lilikamilika 1657. Halikuwa la mwisho. Hyeonjong na Gyeongjong nao wakaja kuwa na matoleo mawili mawili. Mfalme hakusoma, sawa. Lakini aliyeshinda aliandika, kama kwingineko duniani.

Hata hivyo kuna jambo ambalo washindi hawakulifanya, na kwangu lina uzito kuliko farasi wa Taejong. Hawakulichoma toleo la kwanza. Kwa desturi waliyoiita historia ya wino mwekundu na wino mweusi, ya zamani ilitunzwa na mpya ikawekwa kando yake, ili anayekuja apime. Leo mtu anaweza kumfungua Yulgok mara mbili: mara ya kwanza akisimangwa na maadui zake, mara ya pili akimiminiwa sifa na wafuasi wake. Ukweli uko katikati, au haupo kabisa, lakini walau unajua nani anazungumza. Mwandishi alikuwa na haki pia ya kutia maoni yake, yakianza na maneno "mwandishi wa historia anasema", na maoni hayo yakitenganishwa na tukio lenyewe. Ni upendeleo uliovaa beji yenye jina.

Hoja ya kuosha rasimu ni nzito zaidi kuitetea. Watetezi husema ilikuwa kinga: rasimu zina mkono wa mtu, na mkono unamtambulisha mwandishi, baada ya yaliyompata Kim Il-son, nani angetaka zibaki? Nakubali. Ila matokeo yake ni kwamba tulipewa chakula kilichopikwa, na jiko likabomolewa. Hatuwezi kukagua nini kilitupwa kati ya rasimu ya kwanza na nakala safi.

Bado siri hiyo ilikuwa na faida moja inayoonekana ukiilinganisha na daftari lililokuwa wazi kwa mfalme. Ofisi ya makatibu wa mfalme ilikuwa na shajara yake ya kila siku, Seungjeongwon Ilgi, yenye vitabu 3,243 vilivyobaki, kubwa kuliko Sillok kwa mbali. Shajara hiyo ilitumika kazini, watu waliichungulia kutafuta mambo yaliyopita. Mwaka 1762 mfalme Yeongjo alimfungia mwanawe, Sado, ndani ya kasha la mchele hadi akafa. Mwaka 1776 mwana wa Sado, aliyekuwa anakaribia kuwa mfalme Jeongjo, alimwomba babu yake kurasa za tukio hilo zitolewe kwenye shajara. Zikatolewa, zikaoshwa kwenye kijito kile kile. Mtoto kutaka aibu ya baba yake ifutwe ni jambo ambalo sina moyo wa kulilaumu. Lakini katika Sillok, ambayo hakuna aliyeweza kuiombea ruhusa, siku ile ipo.

Kuhusu nani alionekana katika vitabu hivi, nitapita haraka: ni mfalme na watu wake. Mkulima huingia akiwa na njaa au akiasi. Mwaka 1519 palitolewa pendekezo la kuweka waandishi wanawake waandike yanayotokea katika nyumba za ndani za ikulu, na mfalme Jungjong akalipangua kwa kusema wanawake wanaojua kuandika ni wachache. Mlango ule haukufunguliwa.

Kutunza ndiko kulikowatoa jasho zaidi. Nakala nne ziliwekwa sehemu nne: Seoul, Chungju, Seongju na Jeonju, zote ndani ya miji. Udhaifu wake ulionekana mapema. Mwaka 1538 ghala la Seongju liliungua baada ya watumishi kuingia na moto kukamata njiwa. Kisha 1592 majeshi ya Japani yakavamia, na maghala matatu yakateketea. Lililobaki ni la Jeonju, na kilichofanya libaki hakikuandikwa katika sheria yoyote. Wasomi wawili wa kijijini, An Ui mwenye miaka 64 na Son Hong-rok mwenye miaka 56, hawana cheo serikalini, walipakia kumbukumbu za enzi 13 juu ya farasi wakazipandisha mlima Naejang, wakazificha katika vijumba vya watawa na kuzilinda kwa zamu zaidi ya mwaka mzima. Hawakuruhusiwa kuzisoma. Wangezisoma, nani angejua?

Kutoka nakala hiyo moja, kati ya 1603 na 1606, zilichapwa nyingine, na safari hii, ukiacha ile ya Seoul, zikapelekwa milimani na kwenye kisiwa cha Ganghwa. Kila baada ya miaka michache mwandishi alitumwa kutoka Seoul kuzianika. Alifungua makasha, akatoa vitabu nje hewani, akavirudisha na unga wa mizizi yenye harufu kali ya kufukuza wadudu, akaandika idadi, akafunga. Vitabu vya enzi za mwanzo vilikuwa vimepakwa nta ya nyuki visiingiwe unyevu. Wataalamu wa leo wamekuta kwamba vilivyopakwa nta ndivyo vilivyoharibika zaidi. Nta imekauka, imepasuka, imegandisha kurasa. Vilivyoachwa bila kinga viko salama.

Nakala ya mlima Odae ilichukuliwa Tokyo mwaka 1913, Korea ikiwa koloni la Japani, ikawekwa chuo kikuu. Tetemeko la 1923 na moto wake likaimaliza, isipokuwa vitabu vichache vilivyokuwa vimeazimwa nje. Vimerudi kidogo kidogo: 27 mwaka 1932, 47 mwaka 2006, kimoja 2018. Kumbukumbu za wafalme wawili wa mwisho, Gojong na Sunjong, ziliandaliwa chini ya utawala huo wa kikoloni, na Wakorea wengi hawazihesabu. Kwa maana hiyo mfumo ulikufa pale mwenye dola alipokaa mwenyewe kwenye kiti cha mhariri. Unesco iliitambua Sillok mwaka 1997, na leo maandishi yote yako kwenye intaneti, bure, yakiwa na tafsiri ya Kikorea cha kisasa. Kilichokatazwa mfalme kinasomwa na mwanafunzi ndani ya basi.

Mtu akiniuliza nimwonyeshe kitabu kimoja tu, sitamwonyesha kurasa za Taejong. Nitamwonyesha kumbukumbu za Gwanghaegun, aliyepinduliwa mwaka 1623 na kunyimwa hata heshima ya jina Sillok. Zake zinaitwa shajara tu. Zilihaririwa na waliompindua, kwa hiyo unaweza kukisia mkao wao. Lakini nchi ilikuwa imechoshwa na vita na uasi, fedha za kuchapa hazikuwepo, na rasimu ya kati haikuoshwa. Ipo mpaka leo. Sentensi zimepigwa mistari, maneno yameongezwa pembeni, aya nzima zimefutwa kwa wino, na chini ya wino huo bado zinasomeka.