Filamu mbovu tunazozipenda, na aliyelipia kicheko

Mwaka 2003 Tommy Wiseau alitoa filamu iitwayo The Room. Aliiandika mwenyewe, akaitayarisha, akaiongoza na akajipa usteringi. Inasemekana ilimgharimu dola milioni 6, na katika wiki zake mbili za kwanza mjini Los Angeles iliingiza kama dola 1,800 tu. Ilikusudiwa iwe tamthilia nzito ya mapenzi na usaliti, lakini mazungumzo yake hayashikani. Mama mmoja anasema ana saratani, kisha habari hiyo haitajwi tena mpaka mwisho. Sebuleni kuna picha ya kijiko ndani ya fremu, bila sababu yoyote. Siku hizi picha hiyo ikitokea, watazamaji kwenye maonyesho ya usiku wa manane hurusha vijiko vya plastiki, na maneno ya waigizaji huyatamka kwa pamoja kama wimbo walioukariri.

Wapo wanaoona huu ni upotevu wa muda. Wengine wanakwenda mbali zaidi: wanauita ukatili, watu kujaa ukumbini kumcheka mtu aliyejitahidi akashindwa. Sisi mashabiki tumezoea kujibu kwamba ni burudani tu. Jibu hilo ni jepesi mno, na baadhi ya hoja za wanaotupinga ni za haki kabisa. Kinachonikera ni kwamba tumechanganya vitu viwili visivyofanana: filamu iliyoharibika kwa sababu mtengenezaji hakuumudu ufundi, na filamu iliyotengenezwa ili kuuza mateso au udhalilishaji wa watu wengine. Zote mbili tunazipokea kwa kicheko kilekile.

Asili zake ni tofauti tangu mwanzo. Filamu za daraja la B zilitokana na utaratibu wa miaka ya 1930 nchini Marekani, ambapo tiketi moja ilikupa filamu mbili: ya kwanza yenye waigizaji wakubwa, ya pili ya bei rahisi ya kujazia muda. Filamu za kuuza miiko, yaani zinazotafuta fedha kwa kuonyesha yale ambayo jamii inayaona mwiko, zilipita njia ya pembeni. Kuanzia mwaka 1934 studio kubwa zilibanwa na kanuni kali za maadili, hivyo wafanyabiashara wadogo wakajaza pengo kwa kuonyesha yaliyokatazwa, wakidai kwamba wanaelimisha jamii. Reefer Madness ya mwaka 1936 ilianza kama onyo kwa wazazi kuhusu bangi. Mfanyabiashara wa filamu za namna hii, Dwain Esper, akainunua, akaiongezea vipande vya kusisimua na kuitembeza kibiashara. Miaka ya 1970 wanaharakati waliotaka bangi ihalalishwe waliionyesha wao wenyewe, na vijana wakavunjika mbavu.

Nianze na utetezi, maana ndiko moyo wangu uliko.

Filamu mbovu inakufundisha sinema kuliko filamu nzuri. Filamu nzuri huficha viungo vyake: mhariri akikata vizuri, huoni kwamba amekata. Angalia Plan 9 from Outer Space ya mwongozaji Ed Wood, iliyotoka rasmi mwaka 1959. Katika tukio moja tu mchana unageuka usiku na kurudi kuwa mchana. Mwigizaji wake, Bela Lugosi, alifariki mwaka 1956 akiwa ameacha vipande vichache vya picha, na Wood hakutaka kuvitupa. Akamchukua tabibu wa kunyoosha mgongo aliyekuwa akimtibu mke wake, mtu mrefu kuliko Lugosi na asiyefanana naye, akamwambia ajifunike uso kwa joho. Ukiitazama unaelewa papo hapo kwa nini mwendelezo wa picha ni kazi, na kwa nini uso wa mwigizaji hauna mbadala. Unaona pia mapenzi. Wood alimtumikia rafiki yake marehemu kwa senti alizokuwa nazo, na hilo halikuhitaji kipaji.

Tena uhaba umezaa mafundi. Roger Corman, mtayarishaji na mwongozaji wa filamu za bei rahisi aliyefariki mwaka 2024, alipiga sehemu kubwa ya The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960 kwa siku mbili na usiku mmoja, kwenye seti iliyokuwa imeachwa na filamu nyingine. Jack Nicholson, akiwa bado hajulikani, yumo kama mgonjwa anayefurahia kutobolewa meno. Francis Ford Coppola, Martin Scorsese, Jonathan Demme na James Cameron, waongozaji waliokuja kuwa wakubwa, wote walipita mikononi mwa Corman. Na kampuni yake, iliyouza filamu za wanawake waliofungwa gerezani na pikipiki zinazolipuka, ndiyo iliyosambaza kazi za Ingmar Bergman na Federico Fellini, waongozaji wanaoheshimiwa mno, nchini Marekani. Anayedhani mpenzi wa filamu za ovyo hana ladha nyingine aitafakari biashara hiyo.

Sasa upande wa pili.

Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, katika insha yake ya mwaka 1964, alieleza kwamba ladha ya namna hii hufikia kilele pale msanii alipokuwa hana utani hata kidogo: amelenga juu kwa dhati, akaanguka. Nakubaliana naye, na papo hapo ndipo lawama inapopata nguvu. Ikiwa utamu unatokana na mtu kutojua kwamba anachekesha, basi tunakula kutokana na kutojua kwake. Troll 2 ilipigwa Utah mwaka 1989 na kikosi cha Waitaliano kikiongozwa na Claudio Fragasso. Licha ya jina lake, imejaa vibwengo wasiokula nyama, ambao huwageuza watu kuwa mimea kwanza ndipo wawale. Michael Stephenson, aliyekuwa mtoto mhusika mkuu, alirudi mwaka 2009 na filamu ya hali halisi kuhusu waliohusika. Humo tunamwona Fragasso akikereka kwa kuona watu wanacheka hata pale ambapo hakukusudia kuchekesha. Tunamsikia pia mwigizaji wa muuza duka, yule mwenye macho ya kutisha ambaye mashabiki humshangilia, akisimulia kwamba wakati ule alikuwa mgonjwa wa akili anayetibiwa hospitalini na kwamba hali ile hakuwa akiiigiza.

Baada ya kusikia hayo, ukirudi kwenye Troll 2 kile kicheko hakiji kama zamani. Wala sidhani inafaa kilazimishwe. Mtetezi atasema kwamba mtu huyo alisimulia kwa hiari yake, na kwamba wengine katika kikosi hicho, akiwemo daktari wa meno wa Alabama aliyecheza kama baba, walifurahi kupokewa na mashabiki miaka ishirini baadaye. Ni kweli. Lakini furaha ya mmoja hailipi deni la mwingine, na shabiki mwaminifu anapaswa kujua anamcheka nani.

Wapo waliodhani dawa ni kutengeneza ubovu kwa makusudi, watu wacheke bila kumuumiza yeyote. Ndiyo maana tukapata Sharknado, filamu ya papa wanaorushwa na kimbunga, mwaka 2013 na muendelezo wake hadi mwaka 2018. Kwangu haina mvuto. Mtu anayejua kulenga, kisha akakosa kwa kusudi, hajahatarisha chochote.

Filamu za kuuza miiko ndizo zinazohitaji mizani nzito zaidi. Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, inasifiwa kwa ujanja wake: inajifanya mkanda uliookotwa msituni baada ya wapiga picha kuuawa, mbinu iliyokuja kuigwa sana. Ilikuwa ya kuaminika kiasi kwamba Deodato alifikishwa mahakamani Italia, akalazimika kuthibitisha kwamba waigizaji wake walikuwa hai. Wanyama ndio hawakuwa hai: waliuawa kweli mbele ya kamera, akiwemo kasa mkubwa aliyekatwakatwa mbele ya macho yetu. Na watu wa msitu wa Amazon waliajiriwa kucheza kama wala watu, huku jina la jamii ya kweli, Wayanomami, likibandikwa juu yao. Mashabiki wanasema filamu inawalaani wapiga picha Wazungu wanaochokoza ukatili ili waurekodi. Inawalaani, sawa, huku ikifanya kitendo kilekile. Toleo lililoruhusiwa Uingereza mwaka 2011 liliondoa sekunde 15 za mnyama mmoja akiuawa na kuacha karibu mengine yote. Mkato huo hauondoi tatizo.

Lakini ya Deodato angalau ni hadithi ya kubuni. Africa Addio ya mwaka 1966, kazi ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, haikuwabuni watu wake. Inalizunguka bara hili wakati wakoloni wanaondoka, na msimulizi anaeleza kana kwamba bila Mzungu kilichobaki ni damu na mizoga. Kutoka angani tunaonyeshwa Zanzibar ya Januari 1964: watu wanakimbilia ufukweni, kisha miili imelala mchangani. Kutoka Kongo tunaonyeshwa watu wakiuawa kwa risasi mbele ya kamera. Jacopetti alituhumiwa kuhusika na mauaji hayo, akasafishwa. Mwaka 1970 filamu ikakatwa upya kwa ajili ya soko la Marekani na kupewa jina Africa Blood and Guts. Siasa zikapunguzwa, mauaji yakabaki. Jina lenyewe linaonyesha walikuwa wanauza nini na kwa nani.

Utetezi wake upo, na si wa kupuuzwa: picha za Zanzibar za wakati ule ni chache mno, na anayetaka kujua yaliyotokea hawezi kuziacha. Basi zitazamwe kama ushahidi, na atazamaye awe na habari nyingine za kupambanua sauti ya msimulizi. Kuziweka kwenye usiku wa filamu za kutisha, kati ya vibwengo na papa wanaoruka, ni jambo jingine. Wale waliolala mchangani wana ndugu, na baadhi ya ndugu hao wangali hai.

Si kila filamu ya kuuza miiko inafika huko. Wimbi la filamu za Wamarekani Weusi la miaka ya 1970 lilikuwa na pande mbili za kweli. Melvin Van Peebles alitengeneza Sweet Sweetback's Baadasssss Song mwaka 1971 nje ya studio, ikampa shujaa Mweusi anayewashinda polisi na kubaki hai. Mwaka 1973 Pam Grier, katika Coffy, alikuwa nesi anayebeba bunduki kulipiza kisasi kwa wauza dawa za kulevya, wakati ambapo wanawake Weusi walipewa uhusika mkuu kwa nadra. Junius Griffin wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, tawi la Hollywood, alipinga wimbi hilo mwaka 1972, akiona linawajaza watoto picha za makuwadi na wauza unga huku faida ikienda kwa wengine. Kuhusu fedha alikuwa sahihi. Kuhusu Grier nadhani watazamaji waliona kitu ambacho Griffin hakukiona.

Na ipo filamu inayovuruga mpangilio wote huu: Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana kwa kompyuta alizounganisha mwenyewe. Bajeti inatajwa kuwa chini ya dola 200. Helikopta ni za kompyuta, zinaelea juu ya jiji na kulilipua. Nakala ya awali haipo tena, kwa kuwa Nabwana aliifuta kupata nafasi ya filamu iliyofuata. Wageni wengi waliingia kwa trela ya YouTube wakitafuta cha kukejeli. Wakakuta mtangazaji, VJ Emmie, ameshawatangulia: sauti yake iko juu ya filamu nzima, anawatania wahusika, anawashangilia, anamwahidi mtazamaji vita zaidi. Huwezi kumcheka Nabwana kwa siri, kwa kuwa kicheko kimo ndani ya filamu na wenyewe ndio wanaokiongoza.

Inayonipa tabu hadi sasa ni Roar ya mwaka 1981. Noel Marshall na mkewe Tippi Hedren waliigiza pamoja na watoto wao katikati ya simba na chui wa kweli kwa miaka kadhaa. Zaidi ya watu 70 wa kikosi waliumia. Jan de Bont, mpiga picha, alinyofolewa ngozi ya kichwa na kushonwa nyuzi 220, kisha akarudi kazini. Familia ilijichagulia hatari, na de Bont alirudi kwa miguu yake, kwa hiyo sioni kwa nini niikatae. Ila iliporudishwa kumbini mwaka 2015, matangazo yaliyageuza majeraha hayo kuwa kivutio: kwamba hakuna mnyama aliyeumia, walioumia ni watu 70. Filamu hiyo naitazama kwa mshangao na heshima kwa waliosimama nyuma ya kamera. Tangazo lile nalikataa, kwa sababu linatualika tukanunue tiketi ya kuona nani anang'atwa.