Mkurugenzi Anayetazama Tofauti

Jamani, kabla Mzushi, mwenzangu wa kazini, hajawamalizia lile toleo lake la chumvi nyingi, naomba na mimi nisikilizwe. Klipu aliyoirekodi kwenye hafla ya kumkaribisha mkurugenzi najua imeshawafikia. Ile sehemu ya kunusa najua mmeirudia mpaka simu zikapata moto. Ila klipu yenyewe inaanzia katikati, na yeye alikoianzia ana sababu zake.

Hotuba ya kumkaribisha mkurugenzi mpya aliiandika Mzushi. Kiingereza kifupi, hakina mbwembwe. Mimi nikapewa kuisoma kwa kuwa nina sauti. Ningeisoma ilivyo, leo mngekuwa mnamcheka mtu mwingine. Lakini mimi mnanijua. Nikaipitia usiku, nikaona imekaa uchi. Kaandika mkurugenzi "who looks different from all the directors we have had". Nikampigia. Nikamwambia ndugu yangu, "looks" ni kitenzi, kitenzi huelezwa na kielezi, hicho kivumishi umekiegesha hapo kimfuate nani? Tia "-ly". Akasema yeye anahisi iko sawa. Nikamuuliza Kiingereza kasomea wapi.

Kimya. (Mzushi, hapo uliniwekea, sivyo?)

Basi nikapita na kalamu. Kila kivumishi kilichosimama nyuma ya kitenzi nikakivalisha "-ly". Alikuwa ameweka na utani wa manukato, maana siku mama yule alipopita kusalimia, korido ilinukia hadi jioni. Kaandika "who smells wonderful". Nikaona "wonderful" ni ya mtaani, nikaweka "who smells very well". Sentensi moja tu niliiacha, "who looks friendly", kwa vile nilikuta "-ly" imeshawekwa. Nikasema kumbe jamaa akijitahidi anaweza.

Sasa kuna jambo sikulijua, na hakuna aliyeniambia. Siku mbili kabla ya hafla mkurugenzi alikuwa ametibiwa jicho. Aliingia ukumbini jicho la kushoto limefunikwa bandeji nyeupe, imeshikiliwa na plasta kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni. Ukumbi mzima umemwona. Mimi niko nyuma ya kipaza sauti, nimeinamia karatasi nikipitia zile "-ly" zangu zisije zikaniponyoka.

Nikaanza. Salamu zikaenda vizuri. Itifaki ikazingatiwa. Nikafika.

"Please welcome our new director, who looks differently from all the directors we have had."

Kwa wale mlioniuliza kwenye meseji kosa liko wapi: kwa Kiingereza nilikuwa nimetangaza, kwa sauti ya kujiamini kabisa, kwamba tumeletewa mkurugenzi anayetazama kwa namna ambayo wenzake waliotangulia hawakutazama.

Nikasubiri makofi. Hakuna. Kuna mtu alikohoa kile kikohozi cha kumeza kicheko. Nikajisemea sentensi imekuwa nzito, haijawafika, wasaidie. Nikairudia. Safari hii polepole, silabi kwa silabi: "who… looks… dif-fe-rent-ly." Na kwa kuwa nilitaka waelewe kwamba nazungumzia mwonekano, nikainua mkono nikazungusha kiganja mbele ya uso wangu. Kiganja kikapita juu ya jicho langu. La kushoto. Kikakaa hapo kidogo, kwa sababu mwisho wa sentensi ndipo mtu anapoweka msisitizo.

Ndipo nikainua kichwa kumtazama mgeni, mkono bado uko jichoni. Tukatazamana. Mimi na jicho moja, yeye na jicho moja.

Nyie, damu ina uwezo wa kupanda kutoka magotini. Nilisikia feni ya dari ikizunguka, na kila mzunguko ina kamlio kake. Mzushi kwenye safu ya pili simu ameishika juu kwa mikono miwili, imetulia kama ya mpiga picha wa harusi. Mtu mwenye akili angekohoa, angeomba maji, angezimia. Mimi mdomo ulikuwa umeshachukua njia yake, ukasoma sentensi iliyofuata:

"And who, as those seated near her already know, smells very well."

Yaani baada ya kumsifia macho nikamsifia pua. Ana uwezo mkubwa wa kunusa, mama wa watu, na walioketi karibu naye wanajua. Mwanamume aliyeketi kulia kwake, nimemwona kwa macho yangu mawili, alisogeza kiti.

Mkurugenzi akaja kwenye kipaza sauti taratibu. Akasema ni kweli, kwa sasa anatazama tofauti, na daktari amemwambia ataendelea hivyo mpaka bandeji itoke. Ila pua iko salama. Kisha akanusa. Kwa nguvu, puani, kwenye kipaza sauti. Akasema pua inamwambia chai iko tayari. Hapo ndipo klipu ya Mzushi inapoanzia, na kelele mnazozisikia ni idara nzima ya uhasibu.

Yaliyofuata sina nguvu nayo. Chai sikunywa. Jioni Mzushi akanipigia, bila hata salamu: "Toa hicho kitenzi, weka 'is', uone." "Who is different", inakaa. "Who is differently", inadondoka yenyewe. Ikikaa, maana yake unamweleza mtu, siyo tendo, na mtu anataka kivumishi. Ile "-ly" ina haki pale mtu anapofanya kazi na hayo macho: "who looked carefully at the report". "Appear" nayo ina sura mbili: "who appeared calm" alionekana mtulivu, "who appeared suddenly" alitokea ghafla. "Seem" ndiyo haina kazi yoyote inayofanya, kwa hiyo kumwambia mtu "seems happily" ni kumwonea. Na ile "friendly" niliyoipongeza? Kivumishi. Kimezaliwa na hiyo "-ly" yake. Sentensi pekee iliyonusurika kalamu yangu ilinusurika kwa sababu nilidhani ni ya kwangu.

Na msijifanye nyote mlikuwa mnajua. "She looks happy" hata mimi sikosei, nimeikariri tangu utotoni. Balaa linaanza "who" ya urejeshi ikiingia na sentensi ikarefuka. Mkurugenzi ameachwa kule mwanzoni, umepita cheo, umepita idara, ukifika kwenye "looks" humwoni tena mwenyewe, unaona kitenzi kimesimama peke yake kinahitaji msaada. Halafu Kiswahili kimetudekeza. Anaonekana vizuri, anatazama vizuri, ananukia vizuri, ananusa vizuri: "vizuri" ni ile ile, wala hakuna anayeumia.

Kazini sasa hivi nikipita korido watu wanaziba jicho moja. Mlinzi wa getini ananusa kitambulisho changu kabla ya kunifungulia. Mkurugenzi mwenyewe, bandeji imeshatoka, alinikuta kwenye lifti akaniambia "You look well", nikashindwa kujibu, nikashuka ghorofa isiyo yangu kwenda kutafuta kama hiyo nayo ni dongo. (Si dongo. "Well" hapo ni kivumishi, maana yake nina afya. Wanafanya makusudi hawa.)

Mwezi ujao kuna mgeni mwingine. Kamati imeshagawa majukumu, Mzushi ndiye msomaji. Mimi nimepewa kupanga viti, na katibu ameniomba, kwa heshima zote, viti vikionekana vimenyooka nisiseme chochote.