Nilirudi Nyuma kwa Kamera ya Jirani

Kamera ya nyuma ya lori linalovuta trela ni chombo chenye ukaidi wake, kwa sababu popote utakapoifunga itakuonyesha jambo moja kwa uaminifu na kukuficha mengine yote. Fundi alianza kwa kuifunga juu ya kibao cha namba cha lori lenyewe, na hapo ilifaa sana wakati wa kuunganisha: nililiona tufe la chuma likisogea taratibu hadi chini ya mdomo wa trela, bila shemeji kupiga kelele za "bado kidogo" mpaka chuma kigonge chuma. Lakini trela likishafungwa, kamera hiyohiyo ilinionyesha uso wa trela tu, yaani bati tupu na boliti zake, safari nzima. Shemeji, ambaye ndiye mwenye trela na mwenye fedha, alisema hakununua skrini ya inchi 7 ili dereva wake atazame boliti.

Kamera ikahamishiwa nyuma kabisa, juu ya milango ya trela. Fundi alishauri waya upitishwe chini ya chesisi, uwe na plagi kwenye maungio ili uchomolewe trela linapoachwa, tena ulegezwe vya kutosha usije ukakatika lori linapokata kona. Shemeji akakataa, kwa hoja kwamba dunia imekwisha kuachana na nyaya, akaleta kamera ya kurusha picha kwa mawimbi ya redio, zile za analogi za gigahezi 2.4 ambazo kila mwenye lori anazo. Fundi akatikisa kichwa, akaifunga, akaielekeza mbali ili ionyeshe uwanja mpana kama alivyoagizwa, kisha akaiunganisha na taa ya rivasi, hivyo ikawa inawaka pale tu gia ya kurudi nyuma inapoingia.

Yaliyofuata yalitokea katika uwanja wa kupakia mizigo. Ubavuni mwetu kulikuwa na lori jingine lenye trela, nalo lilielekea upande wa pili, kiasi kwamba kichwa cha lori langu kilikuwa jirani na mkia wa trela lake, na mkia wa trela langu ulikuwa jirani na kichwa cha lori lake. Sote wawili tulitakiwa kurudi nyuma kwa wakati mmoja. Shemeji alishuka na kwenda kusimama nyuma, akiwa na uso wa mtu anayekwenda kuzindua daraja.

Kurudisha trela nyuma ni kazi ya kinyumenyume: ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto, na trela likishapinda, kioo cha upande mmoja hukuonyesha ubavu wa trela peke yake, na cha upande wa pili hukuonyesha uwanja usiokuhusu. Kwa hiyo nilishika usukani kwa chini, mahali ambapo mkono ukienda kushoto na trela nalo huenda kushoto, nikakaza macho kwenye skrini. Picha ilikuwa safi kupita nilivyotarajia. Nafasi ilikuwa tele, na katikati yake alisimama bwana mmoja aliyevaa ovaroli ya bluu, akiniita kwa mikono yote miwili. Nikadhani shemeji amempata mzoefu wa uwanja amsaidie, na moyoni nikamshukuru. Akipunga kushoto, nilikwenda kushoto. Akishusha viganja, nilipunguza mwendo. Sijapata kuongozwa vizuri namna ile maishani.

Wakati huohuo, dereva wa lori la pili alikuwa akimtazama shemeji.

Kamera yangu ilikuwa mbali nami, nyuma ya sanduku zima la bati linalozuia mawimbi, ilhali kamera ya jirani ilikuwa karibu na dirisha langu. Kamera zote mbili zilirusha kwenye chaneli moja, na skrini yangu, isiyo na ubaguzi, ikapokea ile yenye nguvu zaidi. Ya jirani nayo ikafanya vivyo hivyo. Basi mimi nikawa namtii mwongozaji wake bila maswali, naye alipomwona kwenye skrini mzee mmoja akiruka na kuinua mikono yote miwili huku mdomo ukiwa wazi, akakanyaga breki na kutulia kabisa. Bwana wa ovaroli, asiyejua kwa nini lori lake limegoma katika uwanja mtupu, akazidi kuita kwa nguvu. Nami nikazidi kuitikia.

Kona ya trela iliingia katika lundo la matairi makuukuu. Taa ya nyuma ikapasuka, lundo likaporomoka, tairi moja likabiringika hadi katikati ya uwanja, likazunguka mara kadhaa na kulala. Dereva wa pili, aliyeyaona yote hayo kwenye skrini yake yakitokea nyuma yake mwenyewe, akatoa gia na kuruka chini, akakimbilia mkia wa trela lake na kukuta hakuna lililoanguka. Alipotoa gia, kamera yake ilizimika. Skrini yangu ikakosa pa kukopa picha, ikachezacheza mistari, kisha bwana wa ovaroli akayeyuka na mahali pake akatokea shemeji, akiwa ameketi juu ya tairi.

Fundi aliyakagua malori yote mawili na kurudia ushauri wake wa waya. Akaongeza kwamba kamera iinamishwe mpaka ukingo wa bampa la trela uonekane chini ya picha, kwa kuwa lenzi pana hufanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo, na tena dereva ni lazima aone kipande cha mali yake ili ajue anatazama mkia wa nani. Shemeji alikubali kuinamisha lakini si waya. Ili pasiwe na utata tena, akalipaka bampa rangi ya njano yenye mistari myeusi, kazi nzuri kwa kweli, ambayo jirani yetu aliisifu sana, akaipiga picha kwa simu, na tulipokutana naye tena katika uwanja uleule, bampa lake lilikuwa la njano lenye mistari myeusi. Shemeji alimwita fundi kabla sijazima injini.